Tarehe Niliyoiomba Mwenyewe

Kaka Deusi,

Shikamoo. Kabla hujauliza, mwili wangu ni mzima, nakula, na baridi ya huku hainitishi mimi niliyekulia Ufipa. Kichwa ndicho kibovu. Hapo Sumbawanga hamjambo? Mguu wa wifi umepona? Ukipita Mpui, Tekla wangu bado anakohoa akilowa mvua? Nijibu moja moja, usiniandikie "wote wazima" kama ulivyozoea.

Barua hii anakuja nayo mama mmoja wa Mbeya ninayesali naye hapa, anasafiri kesho. Sikupiga simu, na sababu unaijua: kikao cha ukoo wa marehemu mume wangu hakipokei simu. Tangu siku ile watu wawili walipopiga kutoka mbali, kila mmoja akidai marehemu alimwachia yeye maneno ya mwisho, wazee walisema asiyekuwepo aandike, na asomewe na ndugu yake wa tumbo moja. Wa tumbo moja niliye naye ni wewe tu. Kwa hiyo, kaka, siji. Neno hilo nimeliandika mara nne nikalikata.

Unakumbuka mama mkwe alipofariki, wazee walisema matanga yaanuliwe baada ya mavuno, na siku hiyo hiyo ukoo uamue Tekla akae na nani, maana bibi yake ndiye aliyekuwa akimlea. Aliyewabadilisha ni mimi. Nilimlilia baba mkubwa wa marehemu, mwenye kikao, nikamwambia likizo yangu ni mwezi wa kwanza, tafadhali msisubiri mavuno. Mzee akanihurumia. Akatuma watu hadi Namanyere na Kabwe kusema siku imebadilika. Watu wakanung'unika, eti wakati wa palizi nani anaacha shamba? Lakini wakakubali, kwa ajili yangu.

Sasa sikia Wamarekani walivyonifanya. Kumpata mgombea urais hapa kuna kura za maoni za chama kama kwetu, ila kila jimbo linapiga siku yake. Majimbo ya mwanzo ndiyo wagombea wanayoyabembeleza, wanaingia mpaka kwenye vibanda vya chakula kushika watu mikono. Ya mwisho yanakuta mambo yamekwisha. Basi wakubwa wa jimbo letu wakachoka kukaa mkiani, wakapitisha sheria kura zetu zitoke mwezi wa tatu zije mwezi wa kwanza. Chama makao makuu kikaja juu: mkiruka foleni, wajumbe wenu kwenye mkutano mkuu hatuwahesabu. Jimbo likasema hatuogopi. Wakapelekana mahakamani. Jimbo jingine lililozoea kuwa la kwanza nalo likasema kama ni hivyo, na sisi tunapiga mapema zaidi. Watu wazima kabisa, na suti zao!

Ningecheka, jamani. Lakini mimi nafanya kazi kwenye kiwanda kinachochapa hizo karatasi za kura. Nazikunja, nazitia kwenye bahasha, zinakwenda posta kwa wapiga kura. Tarehe ilipobadilika, msimamizi wetu akabandika tangazo mlangoni: likizo zote zimefutwa mpaka kura zipite. Nikamfuata, nikamwambia nina mtoto. Akasema, "Oliva, hata mimi nina watoto." Nikamwambia wangu anaamuliwa. Hakuelewa. Nikiacha kazi nimekwisha, kwa sababu karatasi za kumleta Tekla huku zinataka nioneshe nina kazi. Nikibaki, shemeji Faustini anamchukua.

Simsemi vibaya shemeji. Anampenda mtoto wa kaka yake, na kule Kabwe hatakosa samaki. Ila ameshasema waziwazi: akivuka mlango wake ni mtoto wake, na hatatia saini apelekwe Marekani "akapotee kama mama yake." Akikaa kwako, karatasi zinaendelea. Hilo ndilo ninalopigania, hakuna lingine.

Nilimpigia baba mkubwa nikamwomba asogeze siku tena. Akasema, "Mama Tekla, watu tumewasumbua mara moja kwa ajili yako. Mara ya pili watasema unatuchezea." Nawacheka hawa waliovuruga kalenda yao ili wawahi, na mimi nimefanya hivyo hivyo kwetu. Kama ningewaacha wazee na mavuno yao, ningekuwepo.

Jumapili nikaongea na Tekla kwa simu ya baba mkubwa. Akaniuliza, "Mama, siku ya kunigawa utavaa nguo gani? Nataka nikuone toka mbali." Kunigawa! Nani amemfundisha neno hilo? Nikamwambia nitavaa ya bluu. Nimemdanganya mwanangu, kaka.

Ninayefanya naye kazi meza moja ni mzee wa hapa hapa. Nilimuuliza, wewe utapiga kura ya nini kama wamesema haihesabiwi? Akasema, "Nitapiga. Wakiitupa, waitupe wakijua nimesema nini." Jioni ile ndipo nikatafuta karatasi nikuandikie wewe.

Wasomee wazee kuanzia hapa. Wazee wangu, shikamooni. Siombi tarehe ibadilishwe. Najua asiyekuwepo neno lake ni jepesi, na najua mtoto haketi kwenye mkeka wa kikao. Lakini mmetuma watu Namanyere, mmetuma Kabwe, mimi nimepiga simu kutoka ng'ambo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Tekla. Ana miaka kumi, anajua kusema. Nafasi ya kwanza mpeni yeye, kabla ya shemeji Faustini, kabla ya kaka yangu. Nawapigia magoti.

Hapo ishia kusoma, kaka, yaliyobaki ni yako. Akisema anataka Kabwe, usinitetee. Nitalia huku, na kesho yake nitakwenda kazini. Lakini asikike, tafadhali, usirudi nyumbani kuniambia hakusikika.

Mpe baba mkubwa shikamoo yangu, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie shemeji Faustini, mwambie mtoto akilala hufunuka. Mtu wa mwisho ni wifi Jenoveva. Msalimie sana, na umwombe siku hiyo, mkishuka kwenye basi pale Mpui, awe amevaa kitu cha bluu. Tekla atakuwa amesimama barabarani anaangalia.

Mdogo wako,
Oliva