Mwaliko wa Wanamashua

Iskandaria, Novemba 1988

Kwa mdogo wangu Wagida,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na mumeo Tharwat ameacha kuficha peremende mfukoni na ugonjwa wake ule wa sukari. Sisi huku hatujambo. Nasema "sisi" kwa mazoea tu, maana tangu marehemu mume wangu Mahrus aondoke tumebaki mimi na ufa.

Ufa wa ukutani unaujua. Ulipokuja matangani ulikuwa mwembamba, ukaniambia niupake chokaa. Sasa mkono wangu unaingia mpaka kiwikoni. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja mhandisi wa manispaa, akagonga ukuta mara moja, akashuka ngazi mbiombio, kisha akatutangazia akiwa barabarani kwamba wote tuwe tumehama mwezi ukiisha. Wapangaji wengine wana watoto wa kuwapokea. Mimi Mungu hakunijalia.

Lakini mwanzoni sikuogopa. Nilijiambia, ni nani katika mji huu mwenye nyumba nyingi kama mimi? Tangu msiba, kila aliyenishika mkono aliniambia nyumba yake ni yangu.

Nilianza kwa Mama Fathi, jirani yetu wa zamani, aliyeniapia kwa macho ya wanawe kwamba chumba chake cha mbele kinanisubiri. Alinipokea kwa mabusu, akanilaumu kwa kupotea, akaniletea kahawa, tukamlilia Mahrus pamoja. Kisha akaliona sanduku langu mlangoni, akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nilipomwambia nimekuja kwenye kile chumba, alisema bila shaka, nyumba ni yako, halafu akakumbuka kwamba chumba kinapakwa rangi. Rangi yenyewe sikuinusa. Alinisindikiza mpaka barabarani akinisihi nilale, huku ameshanisimamishia teksi.

Nikaenda kwa binamu yetu Shukri. Unamjua na viapo vyake: hawezi kumpa mtu chai bila kuapa kwamba mkewe ameachika mtu huyo asipoinywa. Siku ya arobaini aliapa hivyohivyo mbele ya wanaume wote, kwamba mkewe ameachika kama mimi sitahamia kwake. Nikasema angalau nimwokolee mkewe Zuzu ndoa yake. Nilimkuta Zuzu anachambua mlenda. Alisema bila kuinua macho kwamba yeye ameshaachika kwa ajili ya samaki, kwa ajili ya matikiti, kwa ajili ya watu wasiopenda hata hiyo chai, na mpaka leo bado anafua soksi za mwanamume huyo. Kwa hiyo akiachika kwa ajili yangu, itakuwa mara ya kwanza kwa jambo la maana. Shukri akakohoa, akaeleza kwamba nia ya kiapo chake ilikuwa nije kula chakula cha mchana. Basi nikala. Mlenda ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo.

Marehemu baba aliuita mwaliko wa wanamashua, unakumbuka? Mtu anakula chomboni katikati ya Mto Naili, anakuona umesimama ukingoni, anakupigia kelele uje mkale pamoja, kwa kuwa anajua huwezi kutembea juu ya maji. Tulicheka sana tulipokuwa wadogo. Sasa nimelifikiria jambo hili, na sidhani kwamba watu ni waongo. Mtu anapokukaribisha, kwa dakika ile anajiona mwema, na anajipenda kwa wema huo. Mwenye kosa ni yule anayefika na sanduku akamdai mwenyeji awe kweli yule mtu aliyejisifu kuwa. Kwa hilo hasamehewi.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae niandike. Baada ya matanga uliniandikia kwamba kwako Port Said ni kwetu sote, na kwamba utakasirika nikienda kwa mwingine kabla yako. Nilikuweka wa mwisho kama mtu anavyoweka kipande kizuri cha nyama pembeni ya sahani, kwa sababu wewe nilikuwa na hakika nawe. Wiki iliyopita nilikupigia simu nikasema huenda nikaja. Ulisema karibu, dada, karibu, mpaka simu ikakatika.

Nilikuja, Wagida. Jumanne nilikuja, na sanduku langu na kopo la lile jibini kongwe unalolipenda. Bawabu wenu mpya hanijui. Nilipokutaja akasema mmesafiri. Nikauliza mtarudi lini. Akanionea huruma, akaniinamia sikioni akasema hawajaenda popote, mama, wako juu wanakula; ila kuna dada yake bibi, mjane mmoja wa Iskandaria, anataka kuja kuwagandia, ndiyo maana nimeambiwa niseme hivyo. Akauliza mimi ni nani ili apande akawaambie. Nikasema mimi ni fundi wa kushona. Nguo zenu zilikuwa zimeanikwa kwenye roshani, mbichi bado, na maji yakawa yananidondokea begani. Nilimwachia bawabu jibini, nikapanda basi la kurudi.

Nililia njia nzima. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinipa leso, akasema tukifika nipite kwake, nyumba yake ni yangu.

Sikuandikii ili nikuaibishe, sina nguvu za hilo. Nakuandikia kwa sababu mwezi unaisha Jumatano ijayo, na watu wameniishia. Nikikaa kimya nasikia mchanga unashuka ndani ya ukuta. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kuangukiwa, na naogopa zaidi nikifikiria jinsi mtakavyonililia vizuri.

Nisalimie Tharwat, nibusie watoto. Bawabu usimfukuze, katika safari yangu yote ni yeye tu aliyenieleza mambo yalivyo.

Naweka kalamu chini kwa ombi moja. Nipigie kwa simu ya duka la hapa chini kabla ya Jumatano hiyo. Sema nije, au sema nisije. Nitalipokea lolote kati ya hayo. Ila usiniambie karibu.

Dada yako,
Inshirah