Jino Limetoka, Bajaji Imebaki

Alhamisi. Joto la Mikindani leo, hata paka wamekataa kugombana.

Shajara yangu, wewe sikufichi. Mke wangu namficha kidogo. Wewe hapana.

Mwanangu Zuhura ana kampuni yake Mtwara mjini. Watu wa korosho wanaangalia kwenye simu mzigo wao uko ghala gani. Kompyuta zinazofanya hiyo kazi hana hata moja. Anakodi, ziko huko mbali, wenyewe wanaita wingu. Analipa kwa saa, kama gesti. Msimu huu bili imemkaba. Wenye wingu wakamwambia: ahidi miaka mitatu, tunakupunguzia. Ila ukishaahidi unalipa, utumie usitumie. Akikosea hapo, anafunga ofisi anarudi Dar kuajiriwa.

Jumapili akaja kuniuliza. Angemuuliza nani mwingine? Mimi nimeanza kukodi vitu bandari ya Mtwara haijaona meli.

"Ahidi zote zinazofanya kazi sasa," nikamwambia. "Usiwe mwoga kama mama yako!"

Na ili aone baba yake si maneno matupu, nikamwita Saidi wa bajaji. Wiki ile nilikuwa natibiwa jino mjini, kila siku kwenda na kurudi. Nikapatana naye mwezi mzima, bei ya kutupa, nikamlipa palepale. Saidi akacheka sana. Nikajua nimempiga.

Jumatatu jino likang'olewa.

Sasa nina bajaji ya mwezi na sina pa kwenda. Na hela nishatoa, niiache ilale? Juzi nikaenda Likombe kumsalimia shemeji ambaye hatusalimiani. Akadhani kuna msiba. Jana nikapanda bajaji kwenda msikitini, na msikiti wenyewe nikipiga chafya kibarazani kwangu imamu ananiombea.

Leo nimepita mbele ya ofisi ya Zuhura mara ya tatu, akatoka, mikono kiunoni.

"Baba, unatafuta nini?"

"Natembea."

Saidi hana siri. "Dada, mzee kanikodi mwezi kwa sababu ya jino. Jino kang'oa, mimi kanibakisha!"

Zuhura akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Halafu akafuta machozi, akasimama.

"Baba," akasema, "na mimi nilitaka kuahidi miaka mitatu kwa hesabu ya jino. Sasa hivi ni msimu, kompyuta nane zinahangaika. Korosho zikiisha, mbili zinatosha."

Alikuwa amebakiza kubonyeza kitufe cha kukubali tu. Akarudi ndani, akafuta ile ahadi ya kompyuta nane. Akaahidi zile mbili ambazo hata masika hazipumziki. Nyingine atalipa kwa saa, msimu ukija.

Shajara, wewe nakwambia. Nilikuwa namfilisi mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hilo unalijua wewe tu. Jioni, kwenye kahawa hapa kibarazani, nimewaambia wenzangu kwamba bajaji niliikodi makusudi, kumfundisha Zuhura. Wote wakasema, "Mzee, wewe kiboko!" Ni mke wangu tu aliyeguna, tena kwa sauti, kutoka jikoni.

Saidi kapiga simu sasa hivi. Anauliza kesho anifuate saa ngapi, na tunakwenda wapi.

Hivi yule shemeji, tukimrudia mapema hivi, si ataanza kunipenda?