Niliuinua Mkono wa Mume Wangu Mbele ya Kanisa

Bibi mpendwa wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukiona nastahili kugombezwa nigombeze, maana huku kila mtu ananisifu na sifa zenyewe zinanichoma.

Mume wangu ni kinyozi. Miezi saba iliyopita alipatwa na kiharusi akiwa na mkasi mkononi, upande wa kulia wote ukalegea, akalazwa wiki mbili, na siku ya kutoka dada wa mazoezi ya viungo alitufundisha vizuri kabisa: afinye mpira, apandishe vidole ukutani, asimame na kuketi kwenye kiti mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, akasema msiache hata siku moja, miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Tukaanza. Mguu ukapata nguvu, akawa anatembea mwenyewe hadi mlangoni, na mimi kwa furaha, Jumapili ya tatu nikamshika tukaenda kanisani, nikasimama mbele kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemponya mume wangu kabisa, na watu walipopiga vigelegele nikaukamata mkono wake chini ya kiwiko nikauinua juu, wakadhani anauinua mwenyewe. Bibi, ni mimi niliyeuinua. Ulikuwa mzito kama gunia lililolowa.

Tangu hapo wananiita Mama Ushuhuda. Wiki ile ile wanawake wa kikundi cha maombi wakaja, wakamkuta amesimama ukutani anapandisha vidole, jasho linamtoka, na mmoja akaniuliza, "Mama Ushuhuda, huyu si alipona? Sasa anapanda ukuta kwenda wapi?" Wakacheka. Nami nikacheka, nikasema anajinyoosha tu, lakini walipotoka nikamwambia mume wangu mazoezi basi, aliyeponywa hafanyi mambo ya wagonjwa, ni kumwambia Mungu hatujakuamini. Mpira nikauficha chini ya nguo za kupiga pasi. Akasema tu, "Sawa, mama watoto, wewe ndiye mwombaji." Na kila alipouliza mbona vidole vinazidi kujikunja, nilimjibu, "Ni mashaka yako hayo."

Mwezi uliopita tulirudi kliniki kupima presha, yule dada akajaribu kumfungua vidole, mume wangu akauma meno, naye dada akanitazama mimi, si yeye, akauliza, "Mliacha lini?" Akasema bado kuna cha kufanya lakini mkono ule huenda usishike mkasi tena. Na juzi alfajiri nimemsikia mume wangu akiomba, anamwomba Mungu amsamehe kwa imani yake ndogo iliyomharibia mkono. Nilisimama mlangoni na kikombe chake cha chai mpaka kikapoa.

Bibi, nimwambie ukweli, au nimrudishe tu kwenye mazoezi kimya kimya, nisije nikavunja nyumba na kanisa kwa mpigo?

Mama Ushuhuda

*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimesomewa mara mbili. Ya pili niliomba mwenyewe, maana baada ya ile ya kwanza nilikuwa na hasira, nisingekujibu kwa haki.

Umekosa, na si kidogo. Usijifiche nyuma ya imani, imani haina kosa hapo. Ulichokuwa unakilinda ni jina. Walikupigia vigelegele, ukaona haya kusema "bado", ukamfungia mwenzio mkono ili ushuhuda wako usimame. Na hilo lina nafuu kuliko hili: unamwacha mtu mzima anaamka alfajiri kutubu dhambi yako, na wewe uko mlangoni unamsikia!

Mimi sikusoma, lakini masikio ninayo, na Neno nimelisikia miaka yote hii. Yule mtu mwenye mkono uliopooza, Bwana Yesu hakumshika kiwiko. Alimwambia aunyoshe, naye akaunyosha mwenyewe, mbele ya watu waliomtazama kwa jicho baya. Sasa nani alikudanganya kwamba jasho linamfukuza Mungu? Mkulima akiomba mvua hatupi jembe.

Usidhani nakucheka. Mume wangu alipovunjika nyonga nilimlisha na kumwogesha kitandani. Kila nilipoambiwa mwache asimame, niliwajibu, "Mnataka aanguke?" Nilimpenda, nikamlaza kwa upendo wangu mpaka miguu ikasahau kazi yake. Nilimzika hajafika tena hata uani. Mimi sina wa kumwomba radhi. Wewe unaye, yuko chumba cha pili.

Basi sikiliza. Mwambie leo, kabla hajaomba tena. Usimtume mchungaji, na usianze na "unajua ninavyokupenda". Sema: imani yako haikupungua, mimi niliogopa kuchekwa. Kisha nyamaza. Akinuna, anune. Akilia, kaa naye. Akikupa maneno makali, yameze, ni yako. Wala usimdai msamaha siku hiyo hiyo, msamaha hauchumwi mbichi.

Halafu mrudishe kliniki, mwulizeni yule dada kila kitu upya, na vidole vilivyokakamaa msivilazimishe kwa akili zenu. Mazoezi fanyeni wawili, mlango wazi. Kuhesabu acheni. Kila anapopandisha kidole ukutani semeni neno moja la Baba Yetu, yeye neno, wewe neno. Mkifika "amina", apumzike, mrudie. Siku nyingine utamsikia amekwama kwenye "utusamehe". Msimharakishe, wewe wala huo ukuta.

Kanisani nenda pia, ila yeye kwanza, na kwa ruhusa yake. Waambie Mungu alikuwa anamponya, ukamwingilia kazi. Watacheka wiki mbili, watapata mwingine. Na yule mwenye "anapanda ukuta kwenda wapi", mpe kiti asimame na kuketi mara kumi, tuisikie pumzi yake.

Mkasi huenda asiushike tena. Sitakudanganya, uongo umekutosha. Lakini kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, hilo bado linaombeka, na linafanyika.

Weka gazeti chini umwendee. Akikuuliza kwa nini ulimwacha ajichukie miezi yote hiyo, usitafute jibu zuri. Mpe la kweli.