Breki kwa Mlio wa Ngoma

Jumapili asubuhi, Julai 1977

Baridi ya leo haina mchezo, na upepo umejaza vumbi jekundu hadi ndani ya chai. Viganja vinaniuma. Nikishika kalamu vidole vinataka kujikunja vyenyewe, vinadhani bado vimeshika breki. Nina furaha hata sijui nianzie wapi.

Nianze na woga, maana huo ndio niliokaa nao muda mrefu.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga mjini, na baiskeli nilijifunzia huko, kwenye mbuga tambarare. Kule ukitaka kusimama unaacha kukanyaga, baiskeli inachoka yenyewe, unashuka. Breki zilikuwa pambo tu. Nilipohamia huku kwenye milima ya Geita kutengeneza saa, nilimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mimi ni bingwa wa baiskeli. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kushuka mlima, na mimi sikuona sababu ya kulitaja.

Kazi ya saa huku haikosekani. Mchimbaji wa Nyarugusu akipata dhahabu, kitu cha kwanza ananunua saa ya mkononi. Kitu cha pili anaidondosha kwenye shimo lenye maji.

Lakini si saa zilizonipeleka kwenye mteremko. Ni ngoma.

Msimu huu, watu wakishauza pamba, kila Jumamosi makundi mawili hukutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Wenyeji wanaiita mbina. Watazamaji huenda upande wanaoupenda, na kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Kundi la kijiji chetu linaongozwa na Manju Masunga, mtunzi wa nyimbo zake zote. Siku ya kwanza alinitazama nikijaribu kucheza, akakohoa, kisha akauliza kama keria ya baiskeli yangu ni imara.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mbeba ngoma. Ile ngoma kubwa zamani ilibebwa na wanaume wawili kwa mti mabegani, na wakifika uwanjani hawana tena mikono ya kuipiga. Baiskeli yangu ikawaokoa.

Nikiri jambo hapa, maana hapa hakuna anayenisikia. Kabla ya ngoma ile, nilikuwa "yule wa mjini". Watoto wananipa shikamoo, wateja wananiheshimu, lakini ukiacha kwa wakwe zangu, mlo wa nyumbani kwa mtu sikuwa nimeuonja. Tangu nianze kubeba ngoma, nikipita njiani naitwa nikae, niletewe ugali na maziwa, niulizwe habari za Zuhura, binti yangu. Kucheza sijui. Kuhusu sauti yangu, mke wangu ameniomba niimbie mbali. Ngoma ndiyo nafasi yangu pekee kati ya watu hawa, sina nyingine.

Sasa, mteremko.

Uwanja uko bondeni, na njia ya kutoka kwetu inashuka moja kwa moja, nyekundu, imejaa changarawe zinazoteleza. Katikati kuna kona, na kwenye kona kuna jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Mwezi uliopita nilifika hapo kwa kasi, nikaikaza breki ya mbele kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likasimama. Mimi sikusimama. Kamba za mpira zilizofunga ngoma zikakatika, na ngoma ikatangulia peke yake, ikijigonga kila jiwe, du, du, du, hadi ikatua mbele ya wazee wa kundi pinzani. Nasikia walidhani ni mtindo wetu mpya.

Mimi nilitokea baadaye, na kiatu kimoja.

Tangu siku hiyo nikifika juu ya mteremko siwezi kupanda. Nikawa nashuka kwa miguu, nimeikumbatia baiskeli na mzigo wake, inanivuta huku na huku. Jumamosi ya wiki iliyopita tulichelewa mno. Wapinzani walishaanza, uwanja wote uko kwao. Manju aliwaimbia mama zetu, maana ndio waliobaki upande wetu.

Tulipokuwa tunarudi hakuna aliyenitukana, na hilo liliniuma zaidi. Manju alisema taratibu kwamba tukichelewa tena, ngoma atapewa Shija, kijana mwenye baiskeli mpya, ambaye juu ya yote anacheza vizuri kuliko wote. Kisha akauliza imekaaje hii, fundi saa ndiye anayechelewa. Wote wakacheka. Nikacheka nao, na moyoni nilikuwa nalia.

Wiki nzima nilijiandaa kwa kila njia. Raba za breki hazipatikani dukani, hata Geita mjini, kwa hiyo nilikata vipande vya katambuga zangu za zamani, zile ndara za tairi, nikavifunga badala yake. Manju akaniletea unga wa dawa yake, ileile anayoitumia kuvutia watazamaji uwanjani, akaupaka kwenye mikono ya breki. Mimi nikasoma Bismillahi juu yake, ili asiwepo wa kunilaumu.

Jumatano nilikwenda peke yangu bila mzigo. Nikafika kwenye kona, nikashuka, nikakaa juu ya jiwe. Mbuzi wa jirani wakanipita wakiteremka bila wasiwasi. Mmoja aligeuka kunitazama. Nikageuza baiskeli, nikarudi nyumbani.

Basi jana ikafika.

Wenzetu walitangulia kwa njia ya mkato ya miguu. Juu ya mteremko tulibaki mimi, baiskeli, ngoma, na mke wangu Kabula, ambaye ni mzaliwa wa hapa na alikuwa amechoka kusikia ninavyohema wiki nzima. Zuhura tulimwacha kwa bibi yake. Kule chini ngoma za wapinzani zilishaanza kulia. Nilipanda, nikaweka mguu mmoja kwenye pedeli, na mguu wa pili ukagoma kutoka ardhini.

Nikamwambia Kabula ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu. Kinachonitisha ni kwamba nikishabana breki, siwezi tena kuiachia. Mikono inakuwa si yangu. Na ngoma iko nyuma inanisukuma mgongoni, kama mtu mwenye haraka zake.

Hakunicheka. Alifungua kamba, akaitoa ngoma, akapanda kwenye keria akiwa amenipa mgongo, akaipakata ngoma na kuifunga kwa kanga kiunoni mwake. Kisha akachukua vijiti.

"Baba Zuhura, nikipiga, bana. Nikinyamaza, achia. Usifikiri kitu kingine."

Akapiga. Nikabana. Akanyamaza. Nikaachia.

Tukaanza kushuka.

Sijui niielezeje. Du, nabana. Kimya, naachia. Baiskeli ilikwenda ikajizuia, ikaenda ikajizuia, kama mtu anayeshuka ngazi. Kila mlio ulinitoa kwenye kichwa changu. Sikupata hata nafasi ya kuogopa, maana mlio mwingine ulikuwa umeshafika. Harufu ya raba kuungua ikajaa puani. Karibu na kona Kabula akapiga harakaraka, nami nikabana harakaraka, na lile jiwe likapita pembeni ya goti langu la kulia. Likapita! Nililiona likipita, na hapo ndipo nikagundua kwamba nacheka kwa sauti, peke yangu, kama kichaa.

Nikanyanyua macho. Kabla ya jana sikuwahi kuliona bonde hili kutoka juu ya baiskeli. Siku zote nilikuwa natazama gurudumu la mbele.

Na bonde lilikuwa linanitazama mimi.

Watu walikuwa wamegeuka. Walisikia ngoma inalia mlimani, wakaangalia juu, wakaona baiskeli inateremka na mwanamke amekaa kinyumenyume anapiga ngoma kubwa. Watoto walikimbia kwanza. Wakafuata kina mama. Mwishowe wanaume wakabeba vigoda vyao, wakauacha upande wa wapinzani, wakaja kusimama chini ya mteremko. Tulikuwa tumeshashinda uwanja kabla mtu wa kundi letu hajainua mguu.

Tulisimama ndani ya kichaka. Breki zilikuwa zimekwisha kabisa, na kichaka kilikuwa karibu.

Kabula alifungua ile kanga, akaiweka ngoma chini. Nikamuuliza nani alimfundisha ile njia ya kushuka. Akasema hakuna. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, anaona tu kule tulikotoka, akataka mikono yake iwe na kazi. Pale kwenye kona alipopiga harakaraka, ni kwa sababu alifumba macho. Kisha akasema wazi kwamba hapandi tena, hata nikimnunulia kanga gani.

Kwa hiyo safari ijayo nitaihesabu milio mwenyewe, kwa mdomo. Nimeshaanza kujaribu leo asubuhi nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nabana hewa na kuiachia. Kabula anapita na ndoo, ananitazama, anaendelea kwenda zake.

Woga haujaisha. Nisijidanganye. Nikifumba macho bado naliona lile jiwe. Ila sasa najua kwamba mtu anaweza kuogopa na akashuka, vyote viwili kwa wakati mmoja, na mikono ikamtii.

Jana tulicheza hadi jua likakaribia kuzama. Yaani wao walicheza, mimi nilisimama pembeni nimeshika baiskeli. Mzee mmoja wa upande wa pili, ambaye hanijui, alimsogelea Manju aliyekuwa anapumzika kati ya nyimbo, akanionyesha kwa kidevu, akauliza yule mtu wa baiskeli ni wa wapi. Nilitega sikio. Nilijua jibu, nimelisikia mara nyingi. Wa mjini. Wa Shinyanga. Fundi saa.

Manju hakugeuza hata kichwa.

"Wa kwetu huyo," akasema, na akaanza wimbo mwingine.

Nikainama nikajifanya nakagua breki, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka Shija ayaone.

Jumamosi ijayo tumealikwa uwanja wa mbali, na wanasema mteremko wa huko ni mkali kuliko huu. Nimeshawaambia nitabeba. Kama si mimi, nani aibebe ngoma yetu?