Siku Mheshimiwa Alipoketi Kula Samaki Nasi

Mwanangu Emil,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako na kutoka kwa nyumba hii, ambayo tangu uondoke imekuwa kubwa kuliko inavyostahili. Mimi mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, ambalo huanza kulalamika mvua ikiwa bado iko Ohio, jimbo la jirani. Wewe je? Unakula? Nasema kula, siyo kunywa kahawa umesimama dirishani. Na hilo jua la Machi huko Washington lisikudanganye ukavua sweta. Jua la Machi lilimlaza babu yako kitandani wiki nzima, na yeye alikuwa mtu wa kiwandani, kifua kama mlango.

Nakuandikia kwa sababu ya simu yako ya Jumapili. Uliniuliza ni nini kilimpata bosi wako Ijumaa pale ukumbini kwetu kanisani, nikakujibu juujuu, nikakuaga haraka eti nina chungu jikoni. Hakukuwa na chungu, mwanangu. Unanijua, kwenye simu maneno hunikimbia, na ninayempenda akinyamaza upande wa pili ndiyo nazidi kuvurugika. Kwenye karatasi naweza kusimama, nikapumua, nikaendelea. Isitoshe naiogopea kazi yako, na mtu mwenye hofu asiongee na simu. Basi isome taratibu, na usiisomee ofisini.

Hali ya hapa ni ile ile uliyoiacha, imekonda kidogo. Hospitali bado ina minyororo getini. Bernice Yurko, unajua ulimi wake, anasema ile kampuni ya matajiri iliyoinunua hospitali yetu ni kama mtu aliyenunua ng'ombe wako, akauza miguu yake, kisha akashangaa mbona ng'ombe hatembei. Wazee wa kiwanda cha chuma nao pensheni yao imekatwa tena, na barua waliyoandikiwa ina maneno matamu kama kadi ya Krismasi. Tunasikia mwenye ile kampuni ya hospitali amejenga nyumba ziwani, ina vyoo vingi kuliko vitanda vya wodi yetu ya wazazi.

Mimi sina ugomvi na tajiri, Emil, usije ukadhani mama yako amegeuka. Maisha yangu yote jikoni pale shuleni niliwapakulia mtoto wa daktari na mtoto wa mlevi kwa upawa mmoja. Ninachouliza ni kimoja tu. Mtoto akimwaga maziwa tulimpa kitambaa apanguse, hatukumpiga wala kumtukana. Hawa wakubwa wanamwaga, halafu kitambaa tunapewa sisi. Na yule tuliyemtuma Bungeni akatusemee, tukimwita aje tumuulize, anatuitisha mkutano wa simu, mikutano ambayo swali lako halifiki hewani kama halina sukari.

Ndiyo maana mwezi uliopita watu walikutana kwenye ukumbi wa zimamoto na kumwekea Mheshimiwa Pruett, huyo bosi wako, kiti kitupu, na picha yake juu, kama wanavyofanya siku hizi miji mingine. Mimi sikwenda, kwa ajili yako. Lakini nilisimuliwa. Mzee Stush wa kiwandani alikihutubia kile kiti mpaka mate yakamkauka, na alipomaliza akasema hiki kiti kina adabu kuliko mwenyewe, hakikumkatiza hata mara moja.

Sasa tuje kwenye Ijumaa. Wewe ulikuwa ukija nami Kwaresima zote ukiwa mdogo, kwa hiyo sina haja ya kukueleza harufu yake. Akina mama tulianza asubuhi kufinya pierogi, viazi na jibini ndani ya unga, vidole vinauma na midomo haichoki. Jioni samaki wakaanza kukaangwa na foleni ikatoka nje mpaka kwenye maegesho. Mheshimiwa naye akaja kama anavyokuja kila mwaka. Unaijua ratiba yake, labda wewe ndiye unayeiandika: anavaa aproni, anashika kikapu cha kukaangia, anapigwa picha, anachukua chakula chake kwenye boksi, na kabla samaki hajapoa ameshatoka mlango wa pembeni. Padri Milan hataki siasa ukumbini siku ya samaki, kwa hiyo hakuna anayemuuliza lolote. Nadhani ndiyo maana anatupenda.

Mwaka huu mambo hayakwenda hivyo. Kijana wake, yule mwenye viatu vilivyochongoka, alikuja pale kaunta ninapopakulia akaomba maboksi mawili ya kubebea. Nikamwambia maboksi yameisha. Akachungulia nyuma yangu, akaniuliza kama nina uhakika, eti ukumbi mzima huu mmekosaje boksi. Nikamwambia baba, sahani zipo, safi, nimeziosha mwenyewe, na mwambie Mheshimiwa samaki hakimbii. Bernice akacheka, akasema aliyekwisha kukaangwa atakimbilia wapi. Mheshimiwa akabaki na sahani mkononi mbele ya watu wote, na nani anaweza kuirudisha sahani ya kanisa? Unajua pia desturi yetu, mezani hapo huchagui jirani, unaketi penye nafasi. Nafasi ilikuwa moja, ubavuni kwa Stush.

Stush alimsogezea chumvi kwanza, hilo nalo nikwambie, hakuwa na ubaya. Kisha akamwambia mwezi uliopita tuliongea sana mimi na kiti chako, leo naona kimevaa tai. Meza nzima ikacheka, na Mheshimiwa mwenyewe akacheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Padri alikuwa karibu. Nilimtazama nikidhani atakohoa kuwanyamazisha. Akainuka akaenda kuongeza kabichi, na kabichi ile ilimchukua muda mrefu ajabu.

Basi wakamuuliza. Bernice alitaka kujua mjukuu wake mwenye mimba ajifungulie wapi, au amwambie mtoto asubiri barabara ya kwenda hospitali ya Pittsburgh ipungue magari. Mtu akapiga kelele kutoka meza ya nyuma kwamba abane tu, Bunge litajadili. Mheshimiwa akasema suala la hospitali ni gumu, lina mambo ya soko. Stush akamjibu kwamba amefanya kazi mbele ya moto wa chuma tangu hajaota ndevu, hakuwahi kulisikia soko likikohoa wakati matajiri wanapunguziwa kodi, lakini ikifika zamu ya wazee kulipwa, hapo hapo soko linashikwa na homa. Kisha akamuuliza, wala hakuinua sauti, kama alipopiga kura yake kule Bungeni alijua kwamba ile kampuni ingeweza kutufungia hospitali na kuondoka bila kuulizwa na mtu.

Mheshimiwa aliweka uma chini. Emil, nilimhurumia. Masikio yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Alisema hapana, hakujua, aliletewa karatasi akaambiwa ni mambo ya kawaida. Akasema hajawahi hata kupita mbele ya lile geti, maana gari lake huingia mjini kwa barabara nyingine. Bernice akamwambia kwa sauti ya mama mkubwa ale kwanza, chakula kinapoa. Akala. Akasema bibi yake alikuwa akipika pierogi za kabichi chachu, na kwamba hajazionja tangu amzike. Nakwambia, kwa kitambo kile alikuwa mtu tu mwenye njaa na aibu. Niliwaza labda hakuna aliyemketisha huyu siku nyingi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, sawa, lakini mwenye njaa naye humpisha mlango wa pembeni kila mwaka, kisha analalamika kwamba haonwi.

Sasa ndiyo nafika kwenye kile kilichonikalia kifuani.

Maboksi hayakuwa yameisha. Niliyabeba mimi mwenyewe mchana, nikayatia kwenye gari langu na kuyafunika blanketi. Sikumwambia Bernice wala Padri. Wale watu wengine waliotaka kubeba chakula ilibidi nao wakae, na Bi Dombrowski, ambaye mumewe hawezi kutoka kitandani, nilimpelekea sahani mbili nyumbani baadaye kwa sababu dhamiri ilinichoma. Kwa hiyo kama huko ofisini wanasema Bernice alipanga, au Padri alipanga, waambie siyo wao.

Lakini hilo la maboksi silijutii. Linalonikosesha raha ni lingine. Alipokuwa anaondoka Mheshimiwa alikuja kaunta kunishukuru kwa chakula. Akaniuliza na wewe mama, mbona umesimama tu jioni nzima, huna la kwako? Nilikuwa nalo, Emil. Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu alianguka hapa hapa jikoni kwangu, mtaa wa pili kutoka hospitali yenye minyororo, na kwamba alifia kwenye gari la wagonjwa hata daraja la Pittsburgh hatujaliona, nimemshika mguu maana ndipo waliponiruhusu kushika. Kisha akaniuliza jina. Nikakumbuka uko kwake. Nikakumbuka ulivyonishika mikono baada ya mazishi ukasema, Mama, nikiwa ndani nitaisukuma hospitali ifunguliwe. Nikaogopa. Nikamwambia naitwa Marlene Sabol. Nikasema sina langu, karibu tena.

Jina la babu yako mzaa mama, jina langu la usichana. Tangu harusi sikuwahi kulivua jina la baba yako, hata kwa utani, na nililivua pale kaunta nikiwa na upawa mkononi.

Na wewe ulijua. Jumapili uliponiambia Mheshimiwa anamtafuta Bi Sabol mmoja, nikakujibu kwamba akina Sabol ni wengi huku, ukaniuliza tu kama nimekunywa dawa ya presha. Nilikusikia vizuri, mwanangu. Ulikuwa unanificha, kama mimi nilivyokuwa nakuficha. Tumekuwa watu gani, mimi na wewe, tunafichana kwa mtu ambaye mshahara wake tunaulipa sisi?

Sasa ofisi yake ya huku imempigia Padri. Wanataka Bi Sabol, yule mama aliyempakulia, aende Alhamisi ijayo, Mheshimiwa atasimama naye mbele ya lile geti, na waandishi wa habari wataitwa. Bernice anasema ni picha tu, watanipa maua wanisukume kando. Huenda. Lakini pia huenda yule mtu aliyeweka uma chini bado yupo mahali fulani ndani ya suti yake. Mimi nitakwenda. Nitamwambia habari ya Ray mwanzo mpaka mwisho, na nitamuuliza alichoulizwa na Stush, mbele ya hao waandishi, ili jibu lisibaki ukumbini na harufu ya samaki. Na siwezi kukisimulia kifo cha Ray Hudak nikiwa na jina la mwanamke asiyewahi kuolewa naye. Nitasema mimi ni nani. Wakiuliza kama nina mtoto ofisini kwake, nitasema ninaye, na kwamba hakunituma.

Sikuombi ruhusa, na nisamehe kwa hilo. Ninakuambia wewe kwanza, usije ukaambiwa na mdomo mwingine. Ikibidi useme mbele ya wakubwa zako kwamba hukubaliani na mama yako, sema, sitakuwa na kinyongo. Wakikufukuza, rudi nyumbani, tutalia siku moja, kisha tutatafuta. Na kama utaweza kuja Alhamisi ukasimama popote unapotaka, upande wake au upande wangu, mimi nitafurahi kukuona tu umevaa sweta.

Wasalimie wenzako wa nyumbani, yule mpishi wa mayai hasa. Bernice anakusalimu na anauliza utaoa lini, nimemwambia asianze. Stush anakusalimu pia. Padri Milan anakuombea, na mimi nakuombea zaidi yake, maana ndiyo kazi iliyobaki ambayo hakuna aliyenistaafisha. Kula vizuri. Mungu akutunze, mwanangu.

Ni mimi mama yako,

Marlene Hudak, mke wa Ray