Betri Iliyogoma Kuingia

Jumatano

Nilijua haitaingia! Nilijua, na bado nikanyamaza.

Kitabu cha gari ya spoti ya Baba ni cha Kiingereza, na humu nyumbani ninayekisoma ni mimi tu. Kinasema betri yake inakaa nyuma kwenye buti, kwa hiyo iwe ndogo. Nilikuwa nimekishika pale dukani Nyegezi, tulipokwenda kununua betri mpya.

"Baba, kitabu kinasema..."

Muuzaji akanikata. "Binti, kitabu kinawasha gari? Mzee, beba hii kubwa, inawasha hata lori!"

Baba akacheka naye. "Huyu kwake kila kitu ni shule." Mbele ya wateja wote! Ningembishia vipi mzazi mbele za watu? Baba akainunua ile kubwa.

Nyumbani betri imegoma kuingia hata nusu. Dada Neema anaolewa Jumamosi, na gari ya kumpeleka kanisani ni hiyo hiyo. Ameanza kulia.

Ndipo Baba akanigeukia. "Si wewe uliyesoma kitabu? Mbona hukusema?"

Nilikuwa na maneno mia ya kumjibu. Unajua nilisema nini?

"Samahani, Baba."

Samahani! Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko betri.