Bwana wa Herufi Ndogo

Sori, Nyatike
Jumatano

Dada yangu Bosibori,

Pokea salamu zangu na za watoto, na shemeji umpe mkono kwa niaba yangu. Hapa tu wazima wa mwili. Natumaini kifua chako kimetulia, na mvua ya Kendu Bay haijabomoa choo tena. Ukiniuliza hali ya moyo, nimechoka. Nimechoka na Mama yetu, ambaye ana miaka miwili kaburini na bado ananipikisha chai ya wageni.

Wiki jana walikuja watu wa jumuiya kutoka Migori mjini, basi zima, wakakaa uani tangu asubuhi wakiimba mashairi yake. Siku hizi wanamwita Phelesia wa Mlango Wazi, na wanasema alizungumza na Mungu uso kwa uso. Mama mmoja aliniomba mwiko wake. Nikamwambia mwiko ndio huo ninaosongea ugali. Akaniangalia kama mwizi. Wengine huchota udongo pale kizingitini wakautie kwenye maji ya wagonjwa, na sasa pana shimo, mvua ikinyesha maji yanafika chini ya kitanda. Mama mwenyewe akiumwa alimeza dawa za dukani na kulalamika kutwa, lakini nani anataka kusikia hayo?

Anayenimaliza kabisa ni Katekista Kerosi, yule wa sauti ya kengele. Amepiga chapa madaftari yote manne ya Mama ili kitabu kitoke, na Jumapili hii baada ya misa ninatakiwa nisimame mbele ya kamati niape kwamba maneno ni ya Mama na maana ni ile wanayoifundisha. Shairi analolipenda kuliko yote ni lile fupi:

Bwana, chakula kimepoa,
mlango sijafunga.

Kerosi anasema chakula ni Ekaristi na mlango ni roho. Padre amelihubiri mara tatu. Dada, mimi nilikuwepo. Chakula kilikuwa ugali na omena, na mlango ulikuwa mlango, tena mbuzi wa jirani aliwahi kuingia akala kalenda ya parokia. Kila jioni nilimfokea Mama kuhusu mlango ule, naye kila jioni aliuacha wazi.

Basi nikayatoa madaftari yenyewe nilinganishe na chapa. Kumbe Kerosi ameandika Bwana kwa herufi kubwa kila mahali. Mama hakuandika hivyo. Daftari la kwanza, la pili na nusu ya la tatu ni bwana, herufi ndogo, hata mwanzoni mwa mstari. Bwana, yaani mume. Nikamwendea nikamwonyesha. Akasema Mama aliishia darasa la tano, kwa hiyo amemsahihishia. Nikamjibu kwamba huyo huyo wa darasa la tano ndiye aliyetuchapa kwa kuandika Sori kwa herufi ndogo. Akanishauri nisali.

Sasa kaa chini, maana hili si la Kerosi tena, ni lako.

Miaka yote umekuwa ukiuliza habari za Tata. Kila ukienda soko la Homa Bay unauliza wachuuzi wa samaki kama wanamjua Ongeri, Mgusii aliyemwacha mke na binti wawili akafuata wavuvi. Nami nimekuwa nikikuambia acha, baba yetu huenda alikufa zamani. Nilikuwa nakudanganya. Alikuja. Ilikuwa mwaka wa pili tangu uolewe, saa kumi za jioni. Mama alikuwa jikoni nyuma akichambua omena. Nilimkuta Tata amesimama kizingitini, pale pale wanapochota udongo, amekonda, kofia mkononi. Aliniita kwa jina. Alisema anashona nyavu huko Sindo, na kwamba hakuja kukaa, alitaka tu kumwomba Mama msamaha. Nikamwambia Mama ameshakufa. Nikafunga mlango.

Nilikuwa na hasira, dada. Nilikumbuka ulivyoacha shule ili mimi nisome. Nikajiambia namlinda Mama. Kisha nikakaa naye miaka tisa nikimwona anamwekea mtu chakula, na kila nikitaka kusema, naishia kumfokea kuhusu mlango. Sasa basi zima linakuja kuimba kosa langu, nami nawapikia chai.

Jana nikafika katikati ya daftari la tatu. Mama alikuwa akiandika tarehe. Siku ile ile aliyokuja Tata ameandika hivi:

“Leo bwana amekuja. Bitutu amemwambia nimekufa. Nimesikia yote nikiwa jikoni, miguu ikakataa kuinuka. Mtoto asijue kwamba nimesikia. Ataumia.”

Ukurasa unaofuata ni mtupu. Baada yake amelirudia lile shairi la chakula, neno kwa neno, ila sasa Bwana ana herufi kubwa, na haikubadilika tena mpaka alipokufa. Kwa hiyo Kerosi yuko sahihi nusu, na hilo nalo linaniudhi.

Miaka tisa, Bosibori. Mimi namfokea kuhusu mlango, yeye anajua, ananyamaza.

Jumapili nitaipelekea kamati daftari lenyewe, niwasomee herufi zote mbili na ukurasa ule. Wasipotaka kitabu tena, basi. Lakini sikutaka ulisikie kwa watu wa kanisa kabla hujalisikia kwangu.

Usije kwanza huku kunigombeza, hiyo haki yako nitakuwekea. Nenda Sindo. Uliza wanaposhona nyavu. Ukimkuta Tata hai, mwambie nilimdanganya, Mama alikuwa jikoni.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Ukija, ingia tu. Udongo umechotwa mno, mlango haufungiki tena, nami nimeacha kuulalamikia.

Mdogo wako,
Bitutu